Soli Avua Viatu

Katika duka la viatu vya michezo lililokuwa juu ya benki, hapakuwa na mtu mwenye ulimi mtamu kumshinda Soli. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Wenzake walimwita Soli kwa sababu hakuweza kumaliza kikombe cha chai na mtu bila kumpa habari za soli: soli laini, soli ngumu, soli yenye hewa ndani, soli inayokurudishia nguvu uliyoipoteza ujanani. Mteja aliyepanda ngazi kutafuta kamba za viatu alishuka na viatu vyenyewe, soksi juu yake, na uso wa mtu asiyejua kilichompata. Soli alipenda kujisifu kwamba hata nyoka akikosea njia akaingia mle dukani, angetoka na pea moja ya kukimbilia na nyingine ya kutokea.

Siku hizi akiusimulia mzaha huo huongeza mwenyewe: "Na hata huyo nyoka angenizidi akili."

Maana mganga hajigangi. Goti lake la kulia lilikuwa linamuuma. Kila asubuhi kabla ya kazi alikimbia mitaani, tumbo likiwa limetangulia mbele kumfungulia njia, na kila asubuhi alirudi akichechemea. Alikuwa amejaribu kila kiatu kilichoingia dukani. Kiatu kigumu kilipomshinda alihamia laini, laini kilipomshinda akatafuta laini zaidi, mpaka akafikia kimoja chenye soli nene kama godoro. Siku alipokileta nyumbani, mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake pale dirishani, akamtazama anavyokatiza sebule.

"Umerefuka, baba watoto," alisema. "Lakini bado unachechemea."

Ndipo akaenda kwa dada yake. Huyu alikuwa amemfuata kuzaliwa, na alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha tiba ya viungo, akiwafundisha kutembea upya watu walioanguka kutoka kwenye pikipiki na ngazi. Soli alikuwa amemkwepa muda mrefu kwa sababu moja tu: hakupenda kufundishwa na mtu ambaye yeye Soli alimbeba mgongoni utotoni. Dada alilibonyezabonyeza goti. Alimtoa nje mpaka kwenye maegesho ya magari nyuma ya hospitali, akamwambia akimbie hadi getini na kurudi. Akakimbia.

"Sasa vua viatu, urudie."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kaka, hawa ni wagonjwa. Wameona makubwa."

Akavua, akakimbia tena, safari hii akinyatia kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Umesikia?" dada aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hiyo sasa. Ukiwa na viatu nilikusikia tangu getini, pu! pu! pu! kama mtu anayetwanga. Godoro lako linakudanganya. Unautupa mguu mbele kabisa, unatua kwa kisigino, na mshindo wote unalipiwa na goti. Ukivua, kisigino kinauma, kwa hiyo mwili wenyewe unafupisha hatua na kutua kwa upole, kwa sehemu ya mbele ya wayo."

Soli alihisi mwanga unamshukia. Dada aliuona mwanga huo ukishuka, na kwa kuwa alimjua kaka yake, akaingiwa na hofu.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Mzigo haupotei, unahama. Ukiuondoa gotini unaupeleka kwenye mashavu ya miguu, kwenye kano ya kisigino, na kwenye mifupa midogo ya wayo, na hiyo haijafanya kazi tangu ulipoanza kuvaa viatu vya shule. Ngozi huzoea upesi, misuli huchelewa, mifupa huchelewa kuliko vyote. Hata watafiti hawajakubaliana kama wanaokimbia bila viatu huumia kidogo, au huumia mahali pengine tu. Kwa hiyo ni nyasi, dakika chache, halafu unapumzika. Siku nyingine vaa viatu vyepesi na ufupishe hatua. Usiongeze mpaka nikwambie."

Katika hotuba yote hiyo, Soli alisikia maneno mawili: vua viatu. Mengine yalimpita kama tangazo la redio mtu anapotafuta mpira.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye uwanja wa shule ulio nyuma ya mtaa wao. Nyasi zilikuwa na umande. Alivua, akaficha viatu nyuma ya mlingoti wa goli kama mwizi, akaanza. Ubaridi ulimpanda mpaka kwenye meno. Alisikia vitu alivyokuwa amevisahau: udongo unaobonyea, kijiti, sehemu kavu, sehemu yenye maji. Akazunguka uwanja akisubiri goti lianze kulalamika. Goti likanyamaza. Akazunguka tena. Goti likaendelea kunyamaza, kama mtoto aliyevunja kitu chumba cha pili. Soli akacheka peke yake kwa sauti, mlinzi wa shule akatoka kibandani kuja kuangalia kuna nini.

Kama angeishia hapo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Soli hakuwa mtu wa kuonja. Kabla wiki haijakatika aliona uwanja ni mdogo, nyasi ni za watoto, akaingia barabarani. Alikimbia juu ya lami kama aliyeitengeneza yeye. Akarudi nyumbani akaoga, akaenda kazini, akalala usingizi wa mfalme. Kulipokucha akakuta mashavu ya miguu yamegeuka mawe. Kupanda ngazi aliweza. Kushuka, hapana. Walikaa ghorofa ya juu, na njia pekee aliyoivumbua ya kushuka ilikuwa kugeuka nyuma, kushika reli kwa mikono miwili, na kuteremka kinyumenyume.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipofungua mlango. Alikuwa amekuja kukaa nao kwa muda kwa ajili ya matibabu, maana miguu yake ilikuwa inavimba. Alimkuta mkwewe amemtazama uso kwa uso huku akizama polepole kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Mama alimtazama kwa muda. "Unapanda au unashuka?"

"Nashuka, mama."

"Haya. Mungu akufikishe."

Mama mkwe alianza kuchunguza. Aliona mkwewe anatoka alfajiri bila viatu na kurudi na nyayo nyeusi kama sufuria. Jirani wa chini naye alimuuliza mkewe Soli, kwa sauti ya msibani, kama duka limefungwa. Jioni moja mama akamwita Soli sebuleni, akamkabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa dawa vikang'aa. Vilikuwa vya marehemu mumewe.

"Baba," alisema akiangalia pembeni, "shida ni za kila mtu. Usione haya."

"Mama, ahsante sana, lakini yale ni mazoezi tu."

"Ndiyo, baba. Hata marehemu mambo yakimkaza alisema hivyohivyo, ni mazoezi."

Unamwelezaje mama mkwe kwamba muuza viatu anatembea peku kwa kupenda? Soli, aliyeweza kumuuzia nyoka, akaupokea mfuko. Basi ikawa kila alfajiri anatoka na viatu vya marehemu miguuni. Vilimbana kiasi kwamba alitembea kama bata. Mama alimwangalia dirishani akitabasamu. Soli akifika kona ya gereji anavivua, anavificha nyuma ya matairi mabovu, ndipo anakimbia. Akirudi anavivaa tena, anapanda ngazi akiuma meno. Kwa hesabu yoyote ya haki, viatu vile vya upendo vilimuumiza kuliko lami. Mkewe alijua yote, na alicheka mpaka sindano ya cherehani ikapinda.

*

Goti lilipona, na huo ni ukweli ambao Soli hajawahi kuukana. Mwili nao ulipungua, pumzi ikarefuka, na ile njia yake ya kila siku akaanza kuimaliza mapema kuliko zamani. Mtu mwenye kiasi angesema, amepungua uzito na amefupisha hatua. Soli alisema, ni miguu mitupu. Akawa mhubiri. Mezani alihubiri, kwenye simu alihubiri, kwa kinyozi alihubiri huku wembe ukiwa shingoni. Mwisho akahubiri mahali ambapo hakupaswa kabisa.

Kijana mmoja alipanda dukani akakishika kile kiatu cha godoro. Soli akamtazama kwa huruma.

"Rafiki yangu," alisema, "mguu wako umeumbwa na mifupa yake na misuli yake. Kwa nini uufungie kwenye sanduku?"

Kijana akakirudisha kiatu rafuni, akashukuru, akashuka. Nyuma ya rafu hiyohiyo alikuwa amesimama meneja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyevaa visigino virefu tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

"Soli, njoo ofisini."

Alidhani Soli amenunuliwa na duka la jirani. Aliposikia ukweli, alianza kuzungusha kalamu.

"Mwenye bucha akiacha kula nyama, namwelewa," alisema hatimaye. "Asichopaswa ni kusimama buchani akawahurumia ng'ombe."

"Nimekosa, bosi."

"Umekosa. Sasa sikia. Kuna mashindano ya mbio za mtaani tunayoyadhamini sisi. Kuna kiatu kipya chenye soli nene kinachozinduliwa siku hiyo, na wewe utakivaa. Utakimbia, utapigwa picha, utatabasamu. Basi."

Hapa mtu wa msimamo angesema jambo. Soli alikuwa amejitayarishia hotuba ndefu kwa siku kama hiyo, yenye maneno kama uhuru na maumbile. Alifungua kinywa, kikatoka: "Sawa, bosi. Saizi yangu ipo?"

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo hakumwambia mtu. Juu ya wayo wa kushoto palikuwa pameanza kuuma, mahali padogo unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole. Mwanzo paliuma akikimbia tu. Baadaye pakauma akitembea, kisha hata akiwa amekaa, na jioni palivimba kidogo. Soli akatunga nadharia kwamba ule ni mguu unaimarika. Mwenye nadharia hahitaji dawa. Dada yake alipopiga simu, Soli alipokea akiwa amesimama katikati ya barabara, amekanyaga lami tupu.

"Kaka, bado ni nyasi tu?"

"Nyasi tu."

"Kuna panapouma?"

"Wapi! Goti limekuwa la kijana."

"Sijauliza goti."

"Dada, mtandao unakatika," alisema Soli, na mtandao ulikuwa safi kama maji ya mtungini.

*

Siku ya mashindano watu walijaa. Duka lilikuwa na hema lake karibu na mstari wa kumalizia, na meneja alisimama hapo na mpiga picha. Soli alivaa fulana ya duka na kile kiatu kipya, cheupe, kimevimba kama mkate uliozidiwa hamira. Alitabasamu kama alivyoagizwa. Mbio zikaanza.

Hakufika mbali kabla ya kugundua kwamba kamba za kiatu zinakaa palepale panapouma. Kila hatua ilikuwa kama mtu anapabonyeza makusudi. Mwenye akili angejiuliza, kwa nini mguu unauma hata ndani ya godoro? Soli alijijibu papo hapo: ni godoro lenyewe. Mguu huru umefungwa jela, unalia. Alipofika kwenye meza ya maji, badala ya kuchukua maji aliinama, akavua viatu, akafunga kamba pamoja, akavitundika shingoni.

Na hapo, jamani, kwa kitambo kifupi Soli alikuwa mtu mkubwa. Watu kandokando ya barabara walimwona wakapiga kelele.

"Mzee, vinabana?"

"Vimenichosha!" alijibu, nao wakashangilia.

Alipokea shangwe hizo kama mafuta kwenye injini. Hatua fupi, miguu inagusa na kuondoka, pumzi imetulia. Alimpita kijana mwenye saa kubwa mkononi. Akawapita akina mama wawili waliokuwa wakizungumza habari za harusi. Maumivu yalikuwapo, lakini yalikuwa mbali, kama kelele za nyumba ya tatu. Alijiona ndani ya gazeti. Alijiona akimwambia dada yake, kwa upole, bila kumsimanga, kwamba wataalamu nao hujifunza.

Kona ya mwisho ilikuwa na mteremko. Alipokanyaga chini, kitu ndani ya wayo kikasema tak! Hapakuwa na mshindo mkubwa. Ilikuwa kama kijiti kikavu kinapovunjwa ndani ya kitambaa. Joto likampanda mpaka kiunoni, na mguu wa kushoto ukakataa kazi.

Angeweza kukaa chini, maana watu wa huduma ya kwanza walikuwa palepale. Lakini alikuwa amekwisha kuliona hema, na meneja, na kamera. Aibu ni farasi mbaya, lakini hubeba mtu. Soli akaendelea kwa mguu mmoja, akirukaruka, mikono hewani kama anayefukuza nyuki. Kijana mwenye saa akampita. Akina mama wa harusi wakampita, mmoja akimwambia pole. Akavuka mstari akiwa amefumba macho na kufungua kinywa, viatu vipya vikimpigapiga kifuani, jina la kampuni likisomeka vizuri kabisa. Mpiga picha, aliyelipwa kupiga, akapiga.

*

Picha ilifika hospitalini kabla yake. Wakati anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, karani wa mapokezi alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena. Mchekeshaji mmoja alikuwa ameandika chini ya picha: "Viatu vyetu ni vyepesi, hata shingoni huvisikii."

Daktari wa mifupa alimwonyesha picha nyingine, ya ndani ya mguu, yenye mstari mwembamba kama unywele ukikatiza mfupa mmoja wa wayo. Alieleza kwamba mfupa ule haukuvunjika leo. Ulianza kuchoka wiki nyingi nyuma, ukaomba kupumzika, ukanyimwa. Dada alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Asiyesikia la mkuu," alianza.

"Subiri kwanza," Soli alisema kutoka kitandani. "Methali inasema la mkuu. Wewe ni mdogo wangu. Hainihusu."

Dada alijaribu kubaki amekasirika. Alifanikiwa kwa muda kidogo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akageukia ukutani, akacheka mpaka machozi, na Soli naye akacheka, kila akicheka mguu ukiuma, ukizidi kuuma anazidi kucheka. Walipotulia dada alikaa kitandani kando yake.

"Ungeniambia panauma, ningekupumzisha ukapona bila kuvunjika," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si adui wa furaha yako, kaka."

Neno hilo lilimwingia Soli kuliko methali. Safari hii hakuwa na mtandao wa kusingizia.

Wakamvika kiatu cha matibabu, cha plastiki, chenye mikanda, kirefu mpaka karibu na goti, kizito kama chungu. Mhubiri wa miguu mitupu alirudi nyumbani amevaa kiatu kikubwa kuliko vyote mjini. Mama mkwe alimpokea mlangoni. Mkewe alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu, na mama alikuwa ameitafakari kutwa nzima.

"Baba," alisema, "nisaidie nielewe. Viatu vipya shingoni. Vya marehemu nyumbani. Na mguu umevunjika kwa kukosa viatu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema mama, akamsogezea kiti. "Kaa. Kumbe shida haikuwa fedha."

Dukani alitegemea kufukuzwa. Alipanda ngazi moja moja, akaingia ofisini, meneja akamwashiria akae.

"Makao makuu wameniuliza kama ulikuwa umelewa," alisema.

"Ukawajibu nini?"

"Nimesema hapana. Nimejuta. Mlevi angesamehewa upesi." Alizungusha kalamu yake. "Kuanzia leo uko viatu vya watoto."

Viatu vya watoto vilikuwa nyuma kabisa, karibu na choo. Wauzaji walipelekwa kule wakiwa wapya au wakiwa wamekosa. Hakuna mtoto anayejali teknolojia ya soli. Anataka chekundu, au chenye taa. Siku za kwanza Soli alikaa kwenye kistuli chake, mguu wa plastiki umenyooshwa mbele kama kizuizi cha barabarani, akajihesabu kuwa amezikwa. Kila mzazi aliyefika alimuuliza swali lilelile.

"Samahani, si wewe yule wa picha?"

"Ni mimi," alijibu. "Lakini goti limepona."

Kitu kilichomtoa kaburini alikiona mwenyewe, bila kuambiwa. Mtoto akivuliwa kiatu cha zamani, hakai kusubiri kipya kiletwe kutoka stoo. Anakimbia. Anakwenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, peku, na husikii kitu. Hakuna aliyemfundisha afupishe hatua. Kisha anavalishwa kiatu kikubwa, kigumu, alichonunuliwa ili kimfae na mwakani, na papo hapo anaanza kutwanga, pu! pu! pu! Soli alianza kunyamaza na kusikiliza. Akisikia kishindo, alirudisha kiatu, akaleta chembamba zaidi, kinachokunjika mkononi, hata kama ni cha bei ya chini. Mauzo yake hayakuwa makubwa. Meneja aliliona hilo, akaguna, akamwacha.

Mama mmoja, aliyekuja na binti asiyetaka viatu kabisa, alimuuliza kwa dhati: "Wewe uliyejaribu, niambie. Huyu avae au asivae?"

Zamani Soli angempa hotuba, ya viatu au ya miguu mitupu, kutegemea mwezi. Alimtazama binti, aliyekuwa anajikuna kidole gumba kwa kisigino cha mguu wa pili.

"Nyumbani na kwenye nyasi mwache," alisema. "Barabarani mvalishe, kuna chupa. Na akikwambia panauma, mwamini. Usiseme ni mguu unaimarika."

Mama yule hakuelewa kwa nini muuzaji alicheka peke yake alipomaliza kusema.

Kiatu cha plastiki kilipovuliwa, mguu ulitoka mwembamba, mweupe kwa vumbi la ngozi iliyokufa, kama mguu wa mtu mwingine. Dada alimpangia kutembea tu, uwanjani, asubuhi. Na kwa kuwa mama mkwe naye alikuwa ameambiwa atembee ili uvimbe upungue, wakaunganishwa safari. Ikawa mtu na mama mkwe wake wanazunguka uwanja wa shule wakati jua linachomoza, mama peku, kandambili mkononi, na mkwewe ndani ya raba nyepesi, nyuma. Nyuma, kwa sababu mama alimwacha. Alikuwa na hatua fupi, za haraka, zisizo na kelele, za mtu aliyekulia kwenye mashamba, na kila akimpita Soli mara nyingine alimwinamishia kichwa kwa adabu.

"Polepole, baba," alimwambia. "Hakuna anayekufukuza."

Baada ya miezi, dada alikuja uwanjani na saa yake. Alimwambia Soli avue, akimbie mpaka kwenye goli la upande wa pili na kurudi, kisha asimame. Akakimbia. Goti kimya, wayo kimya, nyasi baridi. Alirudi kabla hata hajatoa jasho, na miguu ilikuwa inamwomba aendelee. Alimtazama dada. Dada alitikisa kichwa kukataa.

Soli akakaa chini kwenye umande, akaanza kujipangusa nyayo kwa soksi.

"Unajisikiaje?" dada aliuliza.

Alifungua kinywa kutafuta sentensi kubwa, ya kuuzia. Haikuja.

"Miguu imelowa," alisema, akavaa viatu vyake, akaenda kazini, ambako siku hiyo kulikuwa na mapacha waliotaka vyenye taa.